Mume Wangu Aliandika Kwamba Ninapika

Nina miaka arobaini na saba, mama wa binti mmoja, na mgongoni nina skrubu nne. Naishi Brooklyn Park, Minnesota, ghorofa ya pili, katika majengo ambayo ukipiga chafya Mkenya mwenzako anakupa pole kupitia ukutani. Nawaandikia nikiwa nimelalia ubavu, maana kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika kumi siwezi. Msinionee huruma. Ngojeni kwanza mjue nilivyokuwa mjinga.

Nilikuwa mtu wa kazi! Miaka kumi na mmoja niliwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee huko Plymouth. Kuosha, kulisha, kugeuza, kuinua. Asubuhi moja mzee mmoja mnene aliteleza bafuni, nikamdaka. Yeye hakuumia hata ukucha. Mimi nikasikia kitu kikikatika kiunoni... na tangu siku ile mguu wangu wa kushoto ni kama wa kuazima.

Nilipasuliwa mara mbili. Daktari akasema kazi basi. Nikaomba malipo ya ulemavu, yale ambayo serikali huwapa watu waliochangia kwa makato ya mshahara miaka yote, kisha mwili ukagoma. Haikuwa sadaka. Ilikuwa haki yangu, na ndiyo tegemeo pekee nililobaki nalo.

Sasa niwaambie kuhusu mume wangu. Nitamwita Baba Moraa, kwa jina la binti yetu, maana lake halistahili wino wangu. Anaendesha gari la kuwapeleka wagonjwa hospitali, wale wa viti vya magurudumu. Kutwa nzima anawafunga mikanda watu wasioweza kusimama. Kwa hivyo mtu asiniambie hakujua ulemavu ni nini!

Na nitasema ukweli hata kama unanichoma: nilipoumia, mwanamume huyu alinihudumia. Aliniogesha. Alinivalisha soksi. Alipika, alifua, alipiga deki. Chapati zake ni laini kuliko zangu za enzi zangu. Lakini kabla hajashika sufuria, alifunga mapazia! Mchana kweupe, jua linawaka nje, sisi tumo gizani kama wezi, ili Wakenya wa jengo la mbele wasimwone akikanda unga.

Na kengele ya mlango ikilia? Lo! Ananitoa blanketi, ananinyanyua, ananifunga leso kiunoni, ananikalisha kwenye stuli karibu na jiko na kunitia mwiko mkononi. Wageni wakiingia wananikuta nimeshika mwiko, natabasamu, jasho la maumivu linanitiririka, wao wanadhani ni la moto. Wanasema Mama Moraa hajabadilika hata kidogo. Yeye yuko sebuleni amekunja nne, anaitikia.

Mimi nilicheza mchezo huo miaka miwili. Nilidhani ni mapenzi... Mapenzi gani yanayohitaji mapazia?

Mwezi wa pili, theluji imefika magotini, barua ya serikali ikaja. Nimekataliwa. Sababu moja ilinishangaza: eti kulingana na maelezo ya mtu ninayeishi naye, ninapika kila siku, ninafua, ninapokea wageni. Nikafikiri wamenichanganya na mwanamke mwingine. Fomu yangu nilikuwa nimejaza mwenyewe, kweli tupu. Fomu ya pili, ile ya mtu wa nyumbani anayekujua, alijaza Baba Moraa, akaitia kwenye bahasha na kuipeleka posta mwenyewe. Nilipomwonyesha barua alitikisa kichwa, akasema serikali hii haina maana, tuachane nayo.

Sikuachana nayo. Nilipiga simu nikaomba nakala ya faili langu. Ilipofika nikaona mwandiko wa herufi kubwa. Baba Moraa huandika kila kitu kwa herufi kubwa, hata vitu vya kununua dukani. Aliulizwa mke wake hufanya nini tangu anapoamka hadi anapolala. Akajibu kwamba ninaamka mapema, napika uji, nafagia nyumba, napika chakula cha jioni, nakaribisha wageni. Je, kuna anayemsaidia? HAPANA. Akaipigia mstari!

Asubuhi hiyohiyo niliyoisoma, alikuwa ameninawisha uso.

Nilimuuliza akiwa ameketi anakula. Hakukana.

"Ulitaka niandike nini?" akasema. "Kwamba mimi ndiye naosha sufuria? Binti wa Mzee Ombati wa jengo la mbele anafanya kazi kwenye ofisi za serikali kule Saint Paul. Akiisoma, kesho kila mtu anajua."

Binti wa Mzee Ombati anashughulikia leseni za kuvua samaki! Samaki, wasomaji wangu! Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, alizika haki ya mkewe kwa kumwogopa msichana wa samaki.

Nilikuwa na siku sitini za kukata rufaa. Nikaenda kwa mawakili wanaosaidia watu bure, na mama mmoja akanieleza polepole. Mume wangu aandike upya ukurasa mmoja, aseme kwamba maelezo ya kwanza hayakuwa kweli. Akikataa, niandike mimi kwamba alidanganya, na nitafute shahidi mwingine. Akasema uamuzi ni wangu, ila siku hazitaningoja.

Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu. Nikate rufaa nimuumbue mume wangu kwa maandishi, au ninyamaze niipoteze haki yangu. Ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka. Mimi pia nilijiona jasiri mpaka siku ile.

Laiti Baba Moraa angekataa! Angekataa ningejua la kufanya. Yeye alikubali... ila akaniomba ningoje. Alikuwa anagombea uenyekiti wa chama chetu cha kusaidiana kwenye misiba, kile kinachosafirisha maiti nyumbani, na uchaguzi ulikuwa mwezi wa nne. Ukipita, angeandika hata kurasa kumi. Nikamwambia siku zinakwisha. Akacheka, akasema yeye anabeba wagonjwa kila siku na sheria hizi anazijua: siku sitini ni siku za kazi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi.

Nami, mwenye simu mkononi, sikumpigia wakili kumuuliza! Mnajua kwa nini? Kwa sababu uongo ule ulinifaa. Ulinipa ruhusa ya kutochagua. Namdharau Baba Moraa, ndiyo, lakini mwanamke yule aliyeiweka simu chini namdharau zaidi.

Alishinda. Jumamosi ya sherehe alikanda unga tangu alfajiri, mapazia yamefungwa. Saa saba akanifunga leso, akaniweka kwenye stuli. Mke wa mweka hazina wa chama akanikumbatia, akasema mgongo umepona, Mungu ni mkuu. Nikasema amina. Amina! Siku ya sitini ilikuwa imepita wiki hiyohiyo, mimi nimekaa hapo na mwiko usio na kazi nikisema amina.

Ule ukurasa wake aliuandika wiki tatu baadaye. Mistari mitano. Wakili aliutazama, akatazama kalenda, kisha akanitazama mimi. Akanieleza kwamba rufaa iliyochelewa hupokelewa tu ukiwa na sababu nzito, kwa mfano ulilazwa hospitalini au barua haikukufikia. Akaniuliza yangu ni ipi. Nikachukua kalamu nikaandika kweli: "Nilichelewa kwa sababu nilikuwa namlinda mume wangu asichekwe."

Jibu lilikuwa fupi. Sababu hiyo haitoshi. Nianze upya kabisa, kama mtu aliyeumia jana.

Nililia siku tatu. Baba Moraa akasema pole, akaniuliza kama nitakunywa chai, kisha akaenda kufunga pazia kabla ya kuwasha jiko.

Ombi jipya lilikuja na fomu ileile ya mtu wa nyumbani. Akanyoosha mkono aijaze. Nikampa Moraa. Ana miaka kumi na tisa, yuko chuo, sisi tunamsemesha Kiswahili naye anatujibu Kiingereza, na nilidhani hajui lolote linaloendelea nyumbani kwetu. Aliandika kwa ufupi: Baba ndiye hupika. Baba humwogesha mama. Hufunga mapazia kwanza.

Maneno hayo matatu ya mwisho yaliniliza kuliko barua ya kukataliwa. Mtoto alikuwa anatuona siku zote!

Jumapili iliyofuata wakaja wageni wa chama. Kengele ikalia, naye akaja mbio na leso na mwiko. Sikunyoosha mkono.

"Shika mwiko wako," nikamwambia. "Mimi nalala hapa kwenye kochi."

Alisimama ananikodolea macho. Kengele ikalia tena. Nikawaita wageni waingie, mlango uko wazi, na wakamkuta mwenyekiti wao jikoni, unga hadi kwenye viwiko. Nikangoja kicheko. Kicheko kile nilichokiogopa miaka miwili, kilichonigharimu tegemeo langu... Mnajua kilichotokea? Mweka hazina alichukua chapati, akaonja, akauliza ni unga gani, maana zake yeye hukauka kila akipika! Mkewe akasema ni kweli, hukauka. Wakaendelea kula, wakizungumza habari za mazishi.

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja! Niliipoteza haki yangu kwa kukiogopa kicheko ambacho hakikuwepo.

Dada zangu, nawasihi. Fomu ya mtu wa nyumbani isomeni kabla haijatiwa kwenye bahasha. Siku za rufaa hesabuni wenyewe, na mkiwa na shaka mwulizeni wakili, si mume. Msikubali kushikishwa mwiko ambao hamwezi kupika nao. Na ninyi kaka zangu mnaopika kwa kujificha, wake zenu wanateseka na ninyi mnahangaikia pazia? Aibu yenu.

Ombi langu bado liko ofisini, sijui litajibiwa vipi. Baba Moraa yuko jikoni sasa hivi, nasikia mafuta yanalia kikaangoni. Nimemwambia afungue mapazia yote.

Amefungua moja.