Maji ya Msafiri

Lori alilokuwa akiliendesha Umaru lilikuwa na honi mbovu. Ilianza kwa kukohoa, halafu ikatoa mlio mrefu wa kupitia puani, na mtaa mzima wa Koboko ukajua kwamba dereva wa pamba amerudi. Mkewe Kaltumu alikuwa akiisikia lori lingali mbali kwenye njia ya Arua. Hapo aliacha alichokuwa akifanya, akachota maji ya mtungini kwa kikombe cha bati chenye ukingo wa kijani, akasimama nacho mlangoni.

Hiyo ilikuwa desturi ya bibi yake, na ya bibi wa bibi yake, wanawake waliozeekea kambini wakingoja waume askari. Mtu akitoka safari haulizwi habari wala haambiwi nani kafa. Kwanza anapewa maji kizingitini. Maji yakishapita kooni, nyumba imemjua, ndipo aingie. Umaru aliipenda sana desturi hii. Alikuwa akisema kwamba amekunywa maji ya kila mji kutoka hapa hadi Kampala, na hakuna yanayofika utamu wa yale ya mlangoni kwake.

Alasiri moja ya mwaka 1977 honi ililia. Kaltumu akatoka na kikombe, akakuta barabara tupu. Lakini alisikia viatu vikikwaruza changarawe, akasikia kikohozi cha Umaru, kile cha mtu aliyemeza vumbi la siku mbili, na pua yake ikapata harufu ya kutu ya moto, kama rejeta ya gari inapofunguliwa. Akadhani mumewe yuko ubavuni mwa nyumba anajisaidia.

"Karibu," alisema, akakiweka kikombe kizingitini, akakimbilia jikoni kuteleka maji ya kuoga. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu na hapakuwa na mtu.

Lori lilifika baada ya saa moja.

"Maji ya kuoga imechemka mbele yangu!" Umaru alicheka. "Wewe najua je kama mimi iko karibu?"

"Nilisikia honi."

"Honi mimi nimepiga sasa hivi tu."

"Na maji ya mlangoni nani amekunywa?"

"Mbuzi."

Basi mbuzi akabeba lawama. Tangu siku hiyo kila Umaru aliporudi, honi ilitangulia saa moja kamili, na nyuma yake hatua, kikohozi na ile harufu. Kaltumu alikiweka kikombe, kikombe kikanywewa. Sisemi kwamba hakuogopa. Lakini mke wa dereva hujifunza kushukuru kwa kila kitu kinachomwambia kwamba mtu wake yuko njiani na yu hai, na yeye alishukuru, tena wakati mwingine alitabasamu peke yake jikoni akichochea moto.

Umaru mwenyewe alikuwa mtu wa barabara. Ukimweka nyumbani siku nne anaanza kuzunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jioni, akila, alimsimulia mkewe samaki wa kukaushwa wa Pakwach, na daraja lake ambalo magurudumu yakipita juu yanaimba, na mama wa gonja, zile ndizi za kuchoma, anayemchagulia iliyoiva vizuri, na usingizi wa juu ya marobota ya pamba, nyota zote zikiwa zako. Alisimulia na mikosi pia, na mikosi ndiyo iliyomchekesha zaidi. Pancha nne kwa siku moja. Askari wa kizuizini waliochukua tairi la akiba wakamwachia asante. Na siku aliyokwama Ajia alipokwenda kupakia pamba, injini ikachemka, akafungua rejeta saa sita za mchana kando ya kijito, maji ya moto yakaruka yakamwagika chini ya vichaka.

"Mutu nasema bismillahi," alisema huku akipiga paja. "Mimi nilitukana! Nilitukana mpaka utingo alikimbia."

Kaltumu alicheka naye siku hiyo. Kitu kingine alichokumbuka ni ahadi: kikombe kile cha bati kilikuwa kimebanduka rangi ukingoni, na Umaru alisema atamletea kingine kama hicho hicho, hata kama ni cha kutafuta Kampala duka kwa duka. Miaka ile hata kijiti cha kiberiti kilitafutwa.

Kufikia mwisho wa 1978 kile kinachotangulia hakikubaki mlangoni tena. Kilikunywa, kikaingia. Kiti cha Umaru cha kamba kililia kama kinavyolia mtu mzito akikaa, na Kaltumu alipokigusa baadaye kilikuwa cha moto. Kisha akaanza kusikia, kutoka pale pale kitini, mchana kweupe jua likiwa sakafuni, sauti ndogo ya mtu anayembembeleza mtoto, na chini ya sauti hiyo mtoto mwenyewe, aliyelia kwa kukatika katika, kilio cha mtoto aliyekwisha kulia sana na hana tena nguvu za kulia, na Kaltumu akasimama jikoni na mwiko mkononi, asithubutu kugeuka, mpaka honi ya kweli ikalia barabarani na kila kitu kikanyamaza.

Umaru aliingia, akakaa kwenye kiti hicho hicho, akatetemeka kidogo. Asubuhi mkono wake wa kulia ulikuwa na malengelenge.

"Ni rejeta," alisema.

Safari iliyofuata malengelenge yalifika kiwikoni. Iliyofuata yalifika begani, na alipokuwa akilala ngozi ilibaki kwenye shuka. Bado alikataa kupumzika. Mwenye lori kule Arua alikuwa anamngoja, na msafiri ni maskini ajapokuwa sultani; hana ruhusa ya kuumwa. Mwezi wa tatu wa 1979 akaondoka tena kwenda Kampala, akiendesha kwa mkono mmoja, na vita vilikuwa vimeshaanza kule kusini. Kaltumu alimsindikiza kwa macho mpaka vumbi likatua. Akaona wazi kwamba huyu mtu anakufa kidogo kidogo, na kwamba kinachomuua anakipa maji yeye mwenyewe.

Siku hiyo hiyo akaenda kwa Lukumani. Lukumani alikuwa fundi cherehani, mtu wa hasira za karibu, aliyerithi ufaki, yaani uganga wa vitabu, kwa baba yake na kuuchukia kama mtu anavyochukia deni la urithi.

"Fundi, nimekuja na maneno mengine, hapana nguo."

"Kama hapana nguo, kwa nini kuja kwa fundi?" Lakini alipomsikiliza aliondoa mguu kwenye cherehani. Akauliza juu ya safari, akauliza juu ya maji, na Kaltumu alipofika kwenye habari ya Ajia akamkatiza. "Maji ya moto, saa sita, bila jina ya Mungu. Mama, ile vichaka ilikuwa na wenyewe, majini. Bwana yako alichoma mtoto ya mutu."

Kaltumu alikaa chini.

"Ilikuja kwako kulipa kisasi," Lukumani aliendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Ikakuta mama anapa maji, anasema karibu. Nyumba imejua yeye. Ndiyo maana wewe iko salama. Lakini bwana yako, hapana. Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Sasa nifanye nini, faki?"

Alimwandikia aya kwenye sahani kwa zafarani, akaziosha, akampa kombe lile anywe. Akampa na ubani. Kisha akampa sharti, na kulirudia mara mbili.

"Ijumaa saba. Hapana weka maji mlangoni. Hapana fungua kwa mutu anaita toka nje. Itaita jina yako. Itasema iko na kiu. Siku ile italia kwa kiu, ndiyo siku inaondoka. Na hapana chungulia! Ukichungulia utaona uso ile moyo yako nataka."

"Na Umaru akirudi mbele ya hiyo Ijumaa saba?"

"Umaru iko na lori. Lori kila mutu anaona. Jirani yako Sadiya ataona. Yeye akuje mlango ya nyuma akuambie, bwana amefika. Sadiya hapana sema, wewe hapana fungua."

Sadiya alikubali bila kuuliza mengi. Alikuwa mjane mwenye macho makali, na mlango wake ulitazama barabara.

Ijumaa tano zilipita kimya. Umaru hakurudi, lakini honi nayo haikulia, wala kiti hakikulia. Kaltumu alichoma ubani, akafunga, akahesabu. Nje, dunia ilikuwa inabomoka. Kampala ilianguka, na malori yakaanza kupita yakielekea mpakani, yamejaa magodoro na wazee na mbuzi, na hakuna hata moja lililokuwa na honi ile mbovu. Baada ya Ijumaa ya tano Sadiya alikuja mlango wa nyuma amebeba kitita kichwani.

"Dada, twende. Watu yote naenda Sudani."

"Zimebaki mbili."

"Kaltumu, nani atahesabu Ijumaa kama wewe nakufa?"

"Umaru akija akute nyumba tupu?"

Walikumbatiana, wakalia. Sadiya akaondoka, na mtaa ukabaki na mbwa.

Ijumaa ya sita, alasiri, honi ililia.

Kaltumu alifunga madirisha, akasukuma kinu mlangoni, akakaa chini mgongo ukiwa ukutani. Viatu vilikwaruza changarawe. Kitu kikakaa kizingitini, na harufu ya kutu ya moto ikapita chini ya mlango pamoja na kile kilio kidogo cha kukatika katika. Hakuweka maji. Alisoma Ayatul Kursi, akakosea, akaanza tena. Kilio kikafifia. Ikapita kama saa moja ya kimya, jua likateremka, na alipoanza kudhani yamekwisha akasikia hatua nyingine, hatua za kuburuta, moja nzito na moja laini, zinakuja polepole kutoka upande wa Arua, zikafika, zikasimama, na kikohozi kikakohoa pale pale kwenye mbao.

"Kaltumu."

Alifumba macho.

"Kaltumu, ni mimi. Fungua. Gari wamechukua. Nimetembea siku nane." Ile sauti ikacheka kichovu. "Maji iko wapi? Leo hapana honi, ndiyo unakasirika?"

Alisoma kwa nguvu ili asisikie, akaziba masikio kwa viganja, lakini sauti ilipita katikati ya vidole, ikasema iko na kiu, ikasema mkono unaoza, ikamwita kwa jina na kwa jina la baba yake, ikataja samaki wa Pakwach na kilima walichokuwa wakikitazama siku ya arusi yao, mambo yote ambayo jini lililomtangulia mtu miaka miwili nyumbani kwake lingeweza kuyajua, na kila ilivyozidi kuyataja ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa maana moyo wake wote ulikuwa umeshainuka unataka kufungua mlango na mwili tu ndio uliokuwa bado umekaa, na machozi yakamtoka kwa mumewe aliyeko mbali, ambaye kwa kukaa kwake pale alikuwa anamwokoa.

"Kaltumu," sauti ilisema mwishoni, karibu sana na chini, kama mtu aliyepiga magoti. "Mimi nimekosa nini?"

Akasikia kitu kidogo cha bati kikiwekwa chini, kisha hatua zikaondoka, moja nzito na moja laini. Kaltumu akasujudu sijda ya shukrani. Lilikuwa limelia kwa kiu, na limeondoka, kama alivyoambiwa.

Alfajiri ilipopambazuka akafungua mlango. Kizingitini palikuwa na kikombe cha bati, kipya, chenye ukingo wa kijani, kimefunikwa kifudifudi. Mvua ilikuwa imenyesha mapema jana yake na udongo ulikuwa bado laini. Miaka miwili yote kile kinachotangulia hakikuwahi kuacha alama hata moja. Asubuhi hii alama zilikuwapo, mguu mmoja wa kiatu na mmoja mtupu, zimekuja mpaka mlangoni, zimesimama sana, kisha zimegeuka kuelekea Midia na mpaka.

Ndipo alipokumbuka ile saa moja. Honi ilikuwa imelia, na baada ya saa moja mumewe alikuwa amefika, kama kila mara.

Alizifuata alama huku akipiga mayowe mpaka zilipopotea kwenye barabara iliyokanyagwa na maelfu. Midia alimkuta Celestina, mwanamke wa mihogo ambaye alikataa kuliacha shamba lake. Ndiyo, alimwona mtu huyo jana magharibi. Mkono wake ulikuwa umefungwa matambara.

"Nilimupa maji," Celestina alisema. "Alikataa. Alisema kama kwake wamemunyima, hapana weza kunywa kwa watu."

Kaltumu alirudi. Hakuvuka mpaka, hata mapigano yalipopita mjini. Mungu ndiye aliyemficha. Wengine waliporudi mwishoni mwa mwaka walimkuta amekonda, yuko mlangoni. Wakamwambia kwamba Umaru hakuonekana kambini kule Sudani, wala Kaya, wala Yei. Lukumani naye alimfuata kumwambia kwamba Ijumaa moja bado imebaki, anaweza kuimaliza akapata amani. Alimfukuza.

Honi hulia hata sasa, alasiri, siku yoyote ile, ingawa lori lilichukuliwa njiani zamani. Ikilia, Kaltumu huweka vikombe viwili kizingitini. Cha zamani ni cha yule anayetangulia, na humwambia karibu, kwa kuwa hana mwingine wa kumletea habari. Kipya ni cha anayefuata. Kisha hukaa ndani, mlango wazi, akahesabu saa moja.

Cha zamani hukikuta kitupu. Kile kipya hakijapungua hata tone.