Kama Wewe ni Mgeni, Bonyeza Moja

Hii sikusimuliwa na mtu. Niliiona kwa macho yangu haya mawili, na moja peke yake linaona kuliko darubini ya jeshi. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio. Anayebisha abishe.

Mama Mashuka ndiyo jina tulilompa mtaani. Chumba chake cha mbele alikuwa anawapangisha wageni wa mtandaoni, siku mbili, siku tatu, na mashuka ya chumba hicho yalikuwa meupe mpaka ndege wakipita juu wanapepesuka. Chumba cha nyuma alilala mama yake mzazi, bibi ambaye miguu ilishamgomea, hata maji ananyweshwa.

Jioni hiyo, jua linazama, akatoka kununua sabuni. Dakika kumi tu. Mgeni alishaingia, mwanaume mpole, begi moja.

Kurudi, mlango umefungwa kwa ndani. Ufunguo ukaingia... haukuzunguka.

Sasa hapo ndipo alipoharibu. Angepiga mayowe. Angevunja dirisha. Lakini adabu zilimzidi! Akafikiri, mgeni wa watu labda anabadili nguo. Akagonga taratibu.

"Hodi..."

Harufu ikapenya chini ya mlango. Sabuni, ileile aliyoishika mkononi. Na udongo mbichi.

"Karibu," ikajibu sauti ndani.

Sauti yake mwenyewe.

Mwili ukamsisimka mpaka kilemba kikainuka nusu mita, msicheke. Akatoa simu, akaweka spika, akapiga huduma kwa wateja ya ile programu ya kupangishia vyumba. Muziki ukalia mpaka, haki ya nani, mbu wa mtaa mzima wakajua kuucheza.

"Kama wewe ni mgeni, bonyeza moja. Kama ni mwenyeji, bonyeza mbili."

Akabonyeza mbili.

"Asante, mgeni. Tafadhali subiri."

Akakata. Akapiga tena. Mbili. Mbili. Mbili!

"Asante, mgeni."

Mwishowe akapokea mhudumu, sauti laini utadhani imepakwa mafuta.

"Kaka yangu, nisaidie," alinong'ona. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Kuna kitu ndani. Mama yangu yumo, hawezi kutembea."

"Pole sana, dada. Ila mwenyeji yuko hewani na mwenzangu hapa. Analalamika kuna mtu anamsumbua mlangoni."

"Mwenyeji ni mimi!"

"Ngoja tuangalie." Kibodi ikagongwa. Ta... ta... ta. "Ulipofika mlangoni ulisemaje?"

"Nilipiga hodi."

"Ukajibiwa?"

"Nilijibiwa... karibu."

"Sasa dada, mtu anapiga hodi kwake?" Akacheka kidogo, kwa upole kabisa. "Umebisha, umekaribishwa. Mgeni ni wewe. Kuna lingine la kukusaidia?"

Ndani, bibi akakohoa. "Mwanangu, nani huyo anagonga?"

"Mgeni tu, mama. Amekosea nyumba. Kunywa maji."

"Mama, usinywe!" Akaupiga mlango kwa nguvu zake zote. "Mama, ni mimi!"

Bibi akacheka, kicheko cha mtu aliyetulia kitandani kwake.

"Masikini. Ana sauti kama yako."

Na simu, kiganjani: "Tafadhali tupe nyota, moja hadi tano."

Asubuhi sabuni ilikutwa kizingitini, haijafunguliwa. Mashuka bado yanaanikwa pale, meupe vilevile. Bibi siku hizi anatembea. Ukipita wanakusalimia, yeye na bintiye, vizuri tu. Ila wageni hawapokei tena, na jua likianza kuzama wanafunga mlango kwa ndani.

Haya, nimeongopa kitu kimoja.

Sina kibanda. Redio hata kuifungua sijui. Yule mgeni wa begi moja ni mimi.

Hodi yake niliisikia. Niliinuka, nikashika kitasa nimfungulie, na kabla sijakizungusha, aliyejibu alikuwa nyuma yangu, pumzi yake kwenye kisogo. Akaniambia polepole, "Wewe jisikie nyumbani."

Nilikuja peke yangu. Kwenye programu niliandika hivyo hivyo, mgeni mmoja.

Mama wa watu aligonga, akalia, akagonga. Kitasa kilikuwa mkononi mwangu muda wote.

Sikufungua.