Ndani ya Kochi Jekundu

Walikutana kwenye soko la samani mwisho wa mwezi, watu wamejaa hadi kupumua ni kwa zamu. Yeye, muuza vitambaa mpenda viatu virefu, miguu ilikuwa inawaka moto, akajitupa kwenye kochi la kwanza aliloliona.

"Dada, umekalia jasho langu," sauti ikasema nyuma yake.

"Basi jasho lako ni laini, fundi."

Wakapeana namba. Mvua zilipoisha walikuwa wapenzi, tena washirika wa duka moja. Fundi alimbatiza jina la Malkia, na makubaliano yao yalikuwa matamu masikioni: nje ya kochi ni kwa Malkia, kitambaa na wateja, ndani ni kwa fundi, mbao na sponji. Hakuna kuulizana. Malkia akaona hayo ndiyo mapenzi, masikini.

Shangazi yake ndiye aliyemtoa tongotongo. Alinunua kochi lao, akawaalika mawifi zake waje kulikalia, na kochi likadidimia nao. Malkia, naye akiwa miongoni mwa wageni, akalichana chini kwa kisu cha jikoni. Yakamwagika matambaa: mikono ya mashati, soksi, pazia kuukuu.

"Kumbe mnauza makabati ya nguo!" wifi mmoja akasema, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Malkia akatoka nje na simu.

"Mpenzi, ndani ya makochi yetu huwa unaweka nini?"

"Sponji, kipenzi. Tangu lini unaulizia ndani?"

"Nilikukumbuka tu," akasema, akakata.

Hakulia. Alitaka kicheko kile kile kimshukie fundi hadharani, kimfuate mpaka kitandani. Nafasi ilikuwa inakuja: maonyesho ya samani, ambako mama mmoja mwenye hoteli angechagua makochi ya vyumba vyake vyote. Wiki nzima Malkia alimwita fundi asali, akamchagulia hata shati la kuvaa. Siku yenyewe akavaa gauni jeusi lililomkaa vizuri kiunoni, akapaka midomo rangi nyekundu, na mkobani akatia mkasi wake wa vitambaa.

"Umependeza mpaka naogopa," fundi akamnong'oneza.

"Ogopa, asali."

Mama wa hoteli alikuwa akilipapasa kochi jekundu, watu wamemzunguka, Malkia alipotoa mkasi.

"Mama, leo huuziwi mbuzi kwenye gunia!" Akalichana kochi kutoka mgongoni hadi kitini.

Ikatokeza sponji. Nyeupe, mpya, nzima. Watu wakaanza kucheka, na waliyekuwa wakimcheka ni yeye. Malkia akatamani ardhi impasukie. Fundi angenyamaza tu, mambo yangekuwa yamekwisha.

"Msimcheke," fundi akasema, jasho likimtoka. "Hili ni zima. La shangazi yake nilijaza matambaa. Sponji iliadimika, nami nilishaahidi wateja, nikaona aibu kumwambia mwenzangu. Wala si hilo peke yake. Nitayarudia yote."

Vicheko vikakatika. Mama wa hoteli aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Nitayachukua makochi yenu," akasema. "Lakini kila kochi lije halijashonwa chini. Huyu binti wa mkasi atie mkono ndani mbele yangu, ndipo mlifunge."

Huko nje Malkia alimgeukia fundi kwa hasira mbichi.

"Kwa nini ulinidanganya kwenye simu?"

"Tulikubaliana hutaniuliza. Nikajificha humo humo."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Kesho kwa shangazi. Mawifi nimewaita wote."

Kesho yake fundi akatapanya matambaa yake mwenyewe katikati ya sebule, soksi baada ya soksi, mawifi wakishangilia kila moja. Malkia alikaa amekunja nne, akila utamu wa kisasi taratibu. Kisha fundi akaweka sponji mpya, akapiga magoti, akashika sindano. Hakushona.

"Malkia, tuoane. Nje na ndani, vyote vyetu wawili. Uniulize lolote, saa yoyote."

"Huyu anaposa au anashona?" shangazi akauliza.

Malkia alitaka kununa, kicheko kikamponyoka. Akashuka kitini, akapenyeza mkono kwenye uwazi wa kochi mpaka begani, akapapasa kila pembe.

"Shona," akasema. "Halafu uniulize tena."