Herufi Kwenye Ukuta wa Majina

Kila siku baada ya masomo, Shallon na rafiki yake Trinah walipita kando ya ukumbusho mdogo wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mtaani kwao Ndera. Alhamisi moja mvua iliwakuta njiani, wakajikinga chini ya paa la ukuta wa majina ya waliouawa. Mvua haikukoma upesi. Shallon, msichana wa miaka kumi na miwili, alitoa bikari mkobani akakwaruza herufi S kwenye jiwe jeusi.

"Acha!" Trinah alisema.

"Ni herufi moja tu."

Kesho yake walikuta watu wamejaa langoni. Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chao, Mzee Benon, alikuwa akimhoji Clovis, fundi aliyekuwa akitengeneza ngazi za pale.

"Sheria inalinda mahali hapa. Anayepaharibu hushtakiwa, na anaweza kufungwa. Jana ni wewe uliyekuwa na vyuma hapa."

"Mzee, mvua ilipoanza nilishaondoka," Clovis alijibu.

"Utawaeleza polisi. Wanakuja."

Trinah alimvuta Shallon. "Twende. Hakuna aliyetuona."

Shallon alipiga hatua mbili, akasimama. "Ni mimi," alisema. "Clovis hakuwapo."

Mukandekezi, bibi anayesafisha ukuta huo kila asubuhi, alimshika mkono akampeleka kwenye ile herufi. Ilikuwa imekata jina la mtu.

"Huyu ni mdogo wangu. Mwili wake haukupatikana, mwanangu. Hana kaburi. Ana mstari huu tu."

Shallon aliangua kilio. "Nisamehe, Bibi."

Mzee Benon alimwomba Clovis radhi mbele ya wote. Polisi waliandika maelezo, wakawaita wazazi wa Shallon. Kwa umri wake hakushtakiwa. Jumamosi yeye na baba yake walimsaidia Clovis kusugua jiwe, naye Clovis akachonga jina upya. Trinah alikuja na ndoo ya maji, ingawa hakuna aliyemwita.

Kazi ilipokwisha, Mzee Benon alimwambia Shallon, "Sheria hii iliwekwa kwa sababu walioandikwa hapa hawawezi kujitetea. Clovis naye alikosa wa kumtetea, mpaka uliposema. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa kosa lako."

"Ndiyo, Mzee."

Mukandekezi alipangusa vumbi. "Sasa msome mdogo wangu," alimwambia Shallon.

Shallon alisoma kwa sauti: "Kagabo Eustache."

"Tena," bibi akasema.