Kona ya Makonyo

Kila asubuhi, saa moja na nusu, minara kumi na miwili ya vinasaharufu ilivuta pumzi kwa pamoja mjini Wete. Kila mnara ulitandaza pazia la hewa lisiloonekana juu ya majamvi ya karafuu, ukaikusanya harufu kabla haijafika barabarani, kisha ukaipeleka kwenye mikufu ya waliojiandikisha kuilipia. Aliyevaa mkufu alinusa karafuu hata akiwa Maskati. Asiyevaa hakunusa kitu, hata akikanyaga ukingo wa jamvi.

Riziki Hamad, fundi mkuu wa minara hiyo, aliona jambo hilo ni la haki. Tangu zama za mababu wakulima waliuza karafuu na harufu ikaenda bure kwa kila mpita njia. Sasa harufu nayo ilikuwa na wenyewe. Kazi ya Riziki ilikuwa kuziba mivujo, pazia lilipotoboka.

Wiki ya tatu tangu minara iwashwe, baba yake alipotea.

Mzee Hamad hakuwa akiona tangu ujana, lakini kwa miaka arobaini alikwenda peke yake barazani kunywa kahawa. Siku hiyo jirani yao, Bimkubwa, alimkuta bandarini, kwenye foleni ya abiria.

"Babako leo alikuwa anahamia Tanga," Bimkubwa alimwambia Riziki. "Kikombe cha kahawa anacho, tiketi hana."

Riziki alicheka kidogo, kisha akaahidi kumletea baba yake roboti ya kumshika mkono. Mzee alikataa kwa upole. Akamweleza njia yake: anaanza na mkate wa mofa unaookwa, halafu karafuu, na pale harufu inapokuwa kali, yanapolundikwa makonyo, vile vijiti vilivyochambuliwa kwenye karafuu, anakata kushoto.

"Sikupotea," alisema. "Kona haikuwepo."

Riziki alijiona tena mtoto, akitoka chuo cha Kurani, vidole vimepata weusi wa wino, amemshika baba yake kidole kimoja na kutembea kwa maringo, akidhani yeye ndiye anayemwongoza. Miaka yote hiyo iliyowaongoza ilikuwa karafuu.

"Lakini baba, harufu ile ni ya wenye karafuu."

"Karafuu ni mali yao, mwanangu, sikatai. Ila nikinusa mimi, nani anapungukiwa?"

Usiku Riziki alizipitia tena hesabu za minara. Alikuwa amepima upepo, joto na umbali. Hakumpima mtu anayefaidika na kazi ya mwenzake bila kumpunguzia kitu.

Asubuhi alikwenda mnara wa saba, akalifungua pazia upande wa kona. Fundi yeyote anayeacha mvujo hunyang'anywa leseni, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika kanuni hiyo. Akatuma ripoti: *Mnara wa saba unavuja. Nimeutoboa mimi. Kuna watu wanapita.*

Akasimama ukutani pale konani, asitoe sauti.

Wachukuzi wawili walifika, wakapunguza mwendo bila kujua kwa nini. Mwanamke mwenye kapu akafumba macho. Kisha ikasikika fimbo. Mzee Hamad alisimama, akavuta pumzi ndefu, akakata kushoto.

"Umechelewa kazini leo, Riziki," alisema bila kugeuka, na akaendelea na safari yake ya kahawa.