Nukta na Nyota

Simu ya mapokezi ya hospitali ililia, na kiooni hapakuwa na nambari. Si kwamba imefichwa. Hapakuwa na kitu. Mama wa mapokezi aliusikiliza mkono wa simu, akautupa mezani.

"Fundi, simu hii inanuka udongo mbichi."

"Mama, simu hainuki."

"Njoo unuse basi!"

Fundi wa simu, aliyekuwa kwenye kompyuta yake nyuma ya kaunta, hakwenda. Alikuwa amechoka hadi kwenye kope. Tangu asubuhi alikuwa akiandika kanuni za kunyoosha nambari kabla simu hazijatoka nje, maana kila mtu hupiga kivyake: huyu anaanza na sifuri, yule na msimbo wa nchi, daktari wa meno anatia nafasi katikati kama anapanga meno. Akitengeneza hili, linaharibika lile, na bosi anafoka. Dakika chache kabla simu ile haijalia, hasira zilimpanda, akaandika kanuni moja ya kumaliza mabishano: nukta na nyota. Kwa lugha ya mtambo wa simu, nukta ni alama yoyote. Nyota ni hata ziwe ngapi, hata isiwepo hata moja. Yaani chochote kipokee, na kisicho kitu nacho kipokee, vyote vipeleke mapokezi. Tena kwa haraka zake akaiweka juu kabisa, na mtambo husoma kanuni kuanzia juu.

"Haya, mmalizane wenyewe!" alikuwa amesema, akaihifadhi.

Simu ikalia tena, fundi akaipokea kwenye meza yake. Safari hii alikuwa mkewe, aliyebaki nyumbani peke yake na mimba iliyotimia.

"Uko wapi, mume wangu? Si ulisema unakuja? Uchungu umeshika, na umenikataza kuwaita majirani."

"Nimekukataza saa ngapi? Leo hatujazungumza!"

"Sauti ni yako," mke alinong'ona. "Ila ulikuwa unahema."

Simu ikakatika. Fundi akapiga nyumbani, ikaangukia mapokezi, akapiga kwa jirani, ikaangukia mapokezi, na kila ikilia pale mezani mama wa mapokezi alikuwa amesimama mbali nayo, mikono kifuani, wala hakuna aliyeugusa mkono wa simu, lakini ilipokelewa, na aliyepokea alihema kwanza, kisha akasema kwa sauti ya fundi mwenyewe, "Nimeshakaribishwa, tulia," na harufu ya udongo ikamjaa puani hadi akakohoa.

"Mjomba!" mama wa mapokezi aliita.

Mjomba wake, mpunga pepo wa siku nyingi, alikuwa kwenye benchi akisubiri dawa ya mgongo. Alikuja akichechemea, akanusa, akamtazama fundi.

"Jini haingii pasipo kuitwa. Nani kamwita?"

"Mimi... niliandika chochote kipite."

"Na kisicho kitu?"

"Nacho." Fundi alitaka kulia. "Nilichoshwa, mjomba. Nilichoshwa tu!"

"Basi futa mwaliko wako. Upesi."

Mjomba akaweka kiganja juu ya mtambo, akasoma dua kwa sauti ya chini huku ukivuma na kutetemeka. Fundi akaandika, akakosea, akajilaani, akarudia: mwanzo wake hapa, tarakimu tu, mwisho wake hapa, kingine chochote kikataliwe. Akahifadhi. Mtambo ukatulia, harufu ikatoweka.

"Alhamdulillahi," mama wa mapokezi alisema, akakaa chini kwa mara ya kwanza.

Mjomba hakukaa. "Mlango umeufunga, sawa. Lakini ulipoufunga, yeye alikuwa upande upi?"

Fundi alishapiga nyumbani. Safari hii ililia inavyopaswa kulia, na mkewe akapokea, akitweta.

"Mke wangu! Nakuja sasa hivi, na gari la wagonjwa!"

"Wewe nani?" mke aliuliza. "Mume wangu yuko hapa. Kaingia sasa hivi, miguu yote udongo mbichi."

Na nyuma yake fundi akaisikia sauti yake mwenyewe, ya upole kuliko alivyowahi kuwa.

"Kata simu, mke wangu. Sukuma."