Slasha ya Futi Sita

Cherono alimaliza kukamua ng'ombe wa nne, akamimina maziwa kwenye mtungi na kuufunika. Pikipiki ya ushirika ingepita kuuchukua saa moja. Baada ya hapo angewasha trekta, awapelekee ndama majani ya nepia.

Trekta yao ilikuwa ndogo, ya hosipawa ishirini na tano. Watu wa Moiben walikuwa wameizoea, na wamemzoea pia dereva wake. Kigen, mume wa Cherono, alikuwa na goti bovu. Hakuweza kukanyaga klachi siku nzima. Basi Cherono alijifunza. Sasa aliendesha vizuri kuliko vijana wengi, na hakuona haya kuwaambia hivyo.

Asubuhi hiyo ya Jumatano alikuwa na wazo moja tu. Jumamosi ilikuwa siku ya koito ya binti yao, Sharon. Wazee wa upande wa kijana wangekuja kutoka Plateau kumposa rasmi. Hema lingesimamishwa kwenye malisho nyuma ya nyumba. Malisho hayo yalikuwa ekari mbili, na nyasi zilikuwa zimefika kiunoni.

"Baba Sharon, wageni wakikaa pale watapotea," Cherono alisema. "Tutawatafuta kwa tochi."

"Usijali. Leo naenda Eldoret kuleta slasha."

Hakuwa anasema ile slasha ya mkono. Alikuwa anasema mashine ya kufyeka inayofungwa nyuma ya trekta. Ina visu vinavyozunguka chini ya kifuniko kizito cha chuma. Nguvu ya kuvizungusha hutoka kwenye injini na kupitia shafti, fimbo ya chuma inayozunguka.

Saa sita mchana pikapu ya kukodi iliingia uani. Kigen alishuka akitabasamu, meno yote nje.

"Hiyo ni kubwa," Cherono alisema.

"Futi sita! Ukienda na kurudi mara chache, malisho yameisha. Muuzaji amesema nijaribu siku mbili. Ikinishinda, atanibadilishia."

"Ulijuaje inatutosha?"

"Kwani mimi ni mtoto? Nilijua geti letu ni futi kumi na mbili. Hii inapita na nafasi inabaki."

Cherono hakushangaa. Huko kwao, mwenye kombaini ya kuvuna ngano au lori la mahindi huuliza swali moja kabla ya kuja: geti lenu lina upana gani? Kigen alikuwa amelijibu swali hilo kwa miaka ishirini. Mashine ikipita getini, kwake hiyo ilikuwa imetosha.

"Na trekta, uliipima?"

"Trekta si inapita kwa geti kila siku?"

Walifunga slasha nyuma ya trekta. Cherono akapanda, akaingia malishoni. Visu vilianza kuzunguka. Hakuwa amefika mbali injini ikaanza kunguruma kwa shida. Moshi mweusi ukatoka. Trekta ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena.

"Enda polepole!" Kigen alipaza sauti kutoka kwenye ua.

"Nikienda polepole kuliko hivi nitakuwa nimesimama!"

Alijitahidi mpaka chini, karibu na kijito. Hapo akageuza trekta, pua yake ikaelekea mlimani. Akainua slasha ili aanze mstari mpya. Mara magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Cherono akazungusha usukani, lakini trekta haikusikia. Ilikuwa inakwenda ilikotaka yenyewe, na ilitaka kwenda kwenye zizi la ndama.

Akasukuma wenzo wa slasha chini kwa nguvu. Slasha ikaanguka, ikakwaruza udongo, na pua ikarudi chini kwa kishindo. Trekta ilisimama hatua mbili kutoka kwenye zizi. Alizima injini.

"Cherono! Cherono!"

Kigen alikuwa anakuja mbio, akichechemea. Tangu Sharon azaliwe hakuwa amemwita mkewe kwa jina lake.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Lakini ni hiyo mashine yako iliyoniendesha mimi."

Kigen alishika gurudumu kama anayetaka kulizuia lisiende tena. Alikuwa anahema. "Labda tuweke uzito mbele. Nikae kwa boneti?"

"Kaa, halafu nitafute bwana mwingine wa kupokea wageni Jumamosi."

Jirani yao Waceke alikuwa ameshavuka ua. Alisomea mashine za kilimo chuoni, na sasa alikuwa na karakana yake hapo sentani, penye maduka. Alikuwa akipalilia maharagwe aliposikia injini ikizimika mara mbili. Alizunguka trekta, akatazama slasha, akatikisa kichwa.

"Mama Sharon, pole. Mzee Kigen, nani alikuuzia hii?"

"Nilichagua mwenyewe," Kigen alisema kwa sauti ya chini. "Inapita kwa geti."

"Hata kanisa linaweza kupita kwa hilo geti lenu! Slasha haipimwi kwa geti. Inapimwa kwa trekta yenyewe. Mama, shika hapa."

Alitoa futi ya chuma mfukoni. Wakapima nyuma ya trekta, kutoka ukingo wa nje wa gurudumu la kushoto hadi ukingo wa nje wa gurudumu la kulia. Ilikuwa futi tatu na inchi kumi.

"Slasha ifunike upana huu wote," Waceke alisema. "Ikiwa nyembamba, magurudumu yatalaza nyasi ambazo visu havifiki. Leo zimelala, kesho zimeamka. Malisho yatakuwa na mistari."

"Hii ya futi sita imefunika, na nyingine ikabaki," Kigen alisema.

"Imefunika, lakini nani ataizungusha? Kitabu cha trekta kiko wapi?"

Cherono alikileta kutoka kabatini. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Waceke alitafuta ukurasa, akaweka kidole.

"Injini yenu ni hosipawa ishirini na tano, lakini zote hazifiki kwa shafti. Hapa wameandika zinazofika ni ishirini. Sasa, kwa nyasi kama hizi, kila futi moja ya slasha inataka karibu hosipawa tano kwa shafti. Futi sita zinataka ngapi?"

Cherono alihesabu kwa vidole. "Thelathini. Na sisi tuna ishirini. Ndiyo maana ilikuwa inakufa!"

"Ndiyo. Na uzito ndio ulioinua pua. Slasha ikiwa nzito na pana sana, ukiiinua inavuta nyuma chini, na mbele inapanda. Mlimani ni mbaya zaidi. Kitabu kinasema trekta inaweza kuinua uzito gani nyuma. Kinasema pia ufunge vyuma gani vya uzito mbele. Si mawe, Mzee. Na si wewe."

Kigen alikuna kichwa. Alimtazama mkewe, akatazama lile zizi.

"Basi nitaleta ya futi tatu. Awe salama kabisa."

Waceke alicheka. "Sasa umeruka hadi upande ule mwingine! Futi tatu haifuniki magurudumu. Ninyi ni watu wa futi nne. Inafunika, na ishirini zenu zinatosha. Mkikuta kichaka kinene, kateni kwanza kwa panga."

Kigen aligeuka, akatazama upande wa sentani. Cherono alimjua mumewe.

"Ni nini tena?"

"Moiben yote iliona nikipita na hii kitu. Walinipigia makofi pale sentani."

"Waone ikirudi," Cherono alisema. Kisha akamshika mkono. "Baba Sharon, mimi ndiye ninayekaa kwa hicho kiti."

"Najua," Kigen alisema. "Leo nimejua vizuri sana."

Alhamisi mapema pikapu ilipita tena sentani. Kigen alikaa mbele, na kila aliyempungia mkono, naye alimpungia. Kabla ya saa sita alikuwa amerudi na slasha ya futi nne, na vyuma vya uzito vya kufunga mbele, vile hasa vilivyotajwa kitabuni.

Kabla ya kuwasha, wote watatu walitembea malishoni. Waliokota mawe, vipande vya seng'enge na sufuria moja kuukuu.

"Kisu kikigonga jiwe, jiwe linaruka kama risasi," Waceke alisema. "Mtu yeyote asikaribie visu vikizunguka. Na wewe, Mama, usishuke mpaka visimame kabisa."

Cherono alianza. Safari hii injini ilivuma kwa sauti moja, bila moshi. Alipofika chini kwenye kijito, aligeuza, akainua slasha. Magurudumu ya mbele yalibaki ardhini. Kigen, aliyekuwa amesimama mbali kwenye ua, alishusha pumzi. Alifanya hivyo kila mara trekta ilipogeuka, mpaka jioni.

Ilibidi kuzunguka mara nyingi kuliko Kigen alivyotaka. Lakini Ijumaa saa nne asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Nyasi zilikuwa sawasawa, bila mstari hata mmoja.

Jumamosi wageni walijaa chini ya hema. Mazungumzo yalikwenda vizuri, na Sharon akaitikia. Chai ilipokuwa ikinywewa, Mzee Kipyego, baba wa kijana, alitoka akatembea malishoni.

"Imekatwa vizuri hii. Ni slasha ya futi ngapi?"

"Nne," Kigen alisema.

"Nne tu? Mimi nina trekta ya hosipawa hamsini. Ninunue ya ngapi?"

Kigen alimgeukia Cherono, aliyekuwa akimimina chai. "Mzee, muulize dereva. Ni huyu mke wangu."

Cherono aliweka birika chini. "Magurudumu yako ya nyuma, Mzee, kutoka nje hadi nje ni futi ngapi?"

"Sijui."

"Na shafti inatoa hosipawa ngapi?"

"Hiyo pia sijui."

"Basi rudi nyumbani upime, usome kitabu, ndipo uniulize."

"Mama Sharon!" Kigen alinong'ona. "Wageni hata hawajamaliza chai!"

Lakini Mzee Kipyego alikuwa anacheka mpaka akaegemea fimbo yake.

"Kama msichana amelelewa na huyu," alisema, "vijana wangu watajifunza kutunza mashine, wapende wasipende."

Kisha akatoa kalamu mfukoni, akaandika maswali yote mawili kwenye kiganja cha mkono wake.